Mgonjwa Akirudishwa Nyumbani, Ni Nani Anabaki Naye?



Siku hizi neno "afya ya jamii" linasikika kila mahali: kwa baraza la chifu, kwa redio, hata kanisani baada ya matangazo. Tunaambiwa kwamba matibabu yatoke hospitali kubwa yaje kijijini, na kutoka kijijini yaingie hadi nyumbani. Vikundi vingi vinatuuliza: Je, hii maana yake ni nini? Tunasaidiwa, ama tunatupiwa mzigo?

Swali hilo ni zuri, na jibu letu kwa ufupi ni hili. Huduma kuja nyumbani ni jambo jema, lakini mgonjwa asije peke yake. Lazima aje pamoja na vitu vinne: maarifa, dawa na vifaa, watu wa kusaidiana, na njia ya kurudi hospitali mambo yakizidi. Kimoja kikikosekana, mzigo wote unamwangukia mtu mmoja. Na mtu huyo, sote tunamjua, mara nyingi ni mama, nyanya, au msichana aliyetolewa shule.

WAZO HILI LILITOKA WAPI?

Mwezi wa Septemba mwaka 1978, nchi nyingi za dunia zilikutana katika mji wa Alma-Ata, ambao sasa uko katika nchi ya Kazakhstan. Zilikubaliana kwamba afya haiwezi kuletwa na hospitali kubwa peke yake. Ni lazima ianzie pale watu wanapoishi: maji safi, chakula, chanjo, uzazi salama, na matibabu ya magonjwa ya kawaida. Tena watu wenyewe washiriki katika kupanga.

Hapa Kenya jambo hilo lilikuwa limeanza kujaribiwa. Huko Kakamega, katika miaka ya 1970, Dkt. Miriam Were na wenzake walifanya kazi na wanakijiji waliofundishwa kuwahudumia majirani zao. Huko Saradidi, Siaya, Kanisa la Anglikana na wanakijiji walianzisha mradi ambao wasaidizi wa afya walichaguliwa na kijiji chenyewe. Wasaidizi hao waliwapa majirani dawa ya malaria, klorokwini, palepale kijijini. (Dawa hiyo ilikuja kushindwa na malaria, kwa hiyo msiitafute leo.) Somo la Saradidi ni kwamba mwanakijiji wa kawaida, akichaguliwa vizuri na kufundishwa, anaweza kufanya kazi ambayo watu walidhani ni ya daktari tu.

Mwisho wa mwaka 1989 hospitali za serikali zilianza kutoza ada, na wengi wakabaki nyumbani kwa kukosa pesa. Kisha ukaja ukimwi. Katika miaka ya 1990 wodi zilijaa, wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Serikali ilitangaza ukimwi kuwa janga la taifa mwaka 1999, wakati nyumba nyingi zilikuwa tayari zimechoka. Katika miaka hiyo neno "huduma ya nyumbani" lilijulikana sana, lakini mara nyingi mgonjwa alikuja bila dawa, bila glavu, bila mtu wa kumwelekeza anayemwuguza. Wazee wa vijiji wanakumbuka. Hayo ndiyo tusiyotaka yarudi.

Mwaka 2006 Wizara ya Afya ilitoa mpango wa afya ya jamii, na nyumba zetu zikahesabiwa kuwa ngazi ya kwanza ya matibabu, kabla ya dispensari. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kupata afya ya kiwango cha juu kinachowezekana. Tangu mwaka 2013 kazi nyingi za afya ziko chini ya kaunti. Na mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria ya afya ya msingi, na wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 wakapewa mikoba yenye vifaa vya kazi.

KWA NINI NYUMBANI?

Hebu tufanye hesabu ndogo. Mwaka una siku 365. Mgonjwa wa presha akienda kliniki mara moja kila mwezi, hizo ni siku 12. Siku 353 zilizobaki yuko nyumbani. Ni nani anamkumbusha kumeza dawa siku hizo? Ni nani anapunguza chumvi kwa sufuria? Si daktari. Kwa hiyo matibabu ya presha, ya sukari, ya kifua kikuu na ya virusi vya ukimwi hufanyika nyumbani hata kama hatujayaita hivyo.

Sababu ya pili ni mbio za ugonjwa. Mtoto anayehara anaweza kuishiwa maji mwilini kwa muda mfupi sana. Akingoja matatu ya asubuhi, huenda akafika amechelewa. Mama anayejua la kufanya saa hiyo hiyo anaokoa maisha.

Sababu ya tatu ni pesa na umbali. Kulala hospitali ni gharama: nauli, chakula, na shamba lililoachwa bila mtu wa kulima.

YANAYOWEZEKANA NYUMBANI

1. Mtoto anayehara. Mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti (ORS) mara tu anapoanza. Pakiti ikikosekana, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko visawazishwe, visijae kama kichuguu. Onja kwanza: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe kila anapohara, mkubwa zaidi nusu kikombe hadi kimoja. Yakibaki baada ya siku moja, yamwagwe. Aendelee kunyonya na kula. Tena ombeni vidonge vya zinki; hutumika siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma.

2. Mtoto anayekohoa. Hesabu pumzi zake kwa dakika moja akiwa ametulia. Mtoto wa chini ya miezi 2 akipumua mara 60 au zaidi, wa miezi 2 hadi 11 mara 50 au zaidi, wa mwaka 1 hadi miaka 5 mara 40 au zaidi, hiyo si homa ya kawaida. Apelekwe. Na kama kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, msingoje kuhesabu.

3. Lishe. Mhudumu wa afya ana utepe wa kupima mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Kijani ni vizuri. Manjano ni onyo. Nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, ni hatari na mtoto lazima apate matibabu. Kikundi kinaweza kumwita mhudumu siku ya mkutano, watoto wote wapimwe pamoja.

4. Presha na sukari. Mhudumu ana mashine za kupima. Presha ya 140 kwa 90 na kwenda juu inahitaji kuonwa kliniki. Dawa haziachwi kwa sababu mtu "amesikia nafuu". Amesikia nafuu kwa sababu anazimeza.

5. Kifua kikuu. Dawa humezwa kwa muda wa miezi 6 kwa kawaida, na hutolewa bure. Mtu mmoja nyumbani au jirani achaguliwe kumwona mgonjwa akimeza kila siku. Madirisha yafunguliwe, mgonjwa afunike mdomo anapokohoa, na watoto wadogo wa nyumba hiyo wapelekwe wakapimwe.

6. Mgonjwa wa kitandani. Ageuzwe kila baada ya saa 2, mchana na usiku, ili asipate vidonda vya mgongo na makalio. Shuka ikae kavu, bila mikunjo. Alishwe akiwa ameketi, kidogo kidogo, na asilazwe mara moja baada ya kula. Kama anapaliwa kila anapomeza, msimlazimishe. Rudini mkaulize hospitali. Anayemshika mwenye damu, choo au matapishi avae glavu, na kama hazipo, mifuko ya plastiki safi isiyotoboka. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada.

YASIYOFAA KUBAKI NYUMBANI

Hapa tunaomba msome polepole, na kama inawezekana mbandike orodha hii kwa ukuta wa mahali pa mkutano. Mambo haya hayangoji kesho:

– Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepatwa na degedege, au aliyelegea haamki.
– Mama mjamzito anayetokwa na damu, anayeumwa kichwa sana, anayeona giza, aliyefura uso na mikono, au aliyevunja chupa bila uchungu.
– Mama aliyejifungua anayevuja damu nyingi au mwenye homa.
– Mtu ambaye ghafla mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno hayatoki. Hicho ni kiharusi. Kila dakika ni ya maana.
– Mtu mwenye maumivu makali ya kifua au anayeshindwa kupumua.
– Mgonjwa wa sukari aliyechanganyikiwa au kuzimia.

Wengine husema, "Si tumeambiwa afya ni nyumbani?" Hapana. Nyumba ni ngazi ya kwanza, si ya mwisho. Kumweka nyumbani mtu wa hospitali si kumhudumia. Ni kumkawiza.

MZIGO WENYEWE

Sasa tuje kwenye jambo linalotusumbua sana tunapotembelea vikundi.

Tuchukue mfano wa mzee aliyepata kiharusi, akakaa hospitali siku kadhaa, akaruhusiwa. Hawezi kusimama. Anageuzwa kila baada ya saa 2, yaani mara 12 kwa siku moja. Analishwa mara 3, anaoshwa, nguo zake zinafuliwa. Kuna dawa za asubuhi na jioni. Kuna mazoezi ya mkono na mguu. Na mama wa nyumba ana ng'ombe wa kukamua, maji ya kuteka, watoto wa kulisha. Wageni wanakuja, wanaketi, wanamwambia mgonjwa pole, wananywa chai ambayo huyo mama ameipika, wanaenda zao. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa anayetazama, mzigo ni mwepesi. Aliyeubeba ndiye anajua uzito wake.

Baada ya miezi michache mama mwenyewe ni mgonjwa. Mgongo unauma, presha imepanda, usingizi hakuna. Na shuleni, kiti cha msichana wa darasa la saba kiko wazi. Hospitali imepata kitanda, serikali imeokoa pesa. Lakini gharama haikupotea. Imelipwa na mtu ambaye jina lake halimo katika hesabu yoyote.

Kwa hiyo tunasema wazi: huduma ya nyumbani bila kugawana kazi ni dhuluma kwa anayeuguza. Na hapa ndipo kikundi cha kujisaidia kina nguvu ambayo hata hospitali haina. Kikundi kina watu, na watu hao wako karibu.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Kwanza, kabla mgonjwa hajaruhusiwa, watu wawili waende hospitali pamoja na familia. Wasitoke wodini bila kuonyeshwa kwa macho: jinsi ya kumgeuza, kumlisha na kumpa dawa. Waulize maswali manne na wayaandike. Anameza nini na saa ngapi? Dalili gani zitatufanya tumrudishe? Kliniki ni lini? Tukikwama tumpigie nani? Hiyo si kusumbua daktari. Ni haki yenu.

Pili, gawaneni kazi, si huruma. Badala ya kusema "tutakuja kuwaona", andikeni zamu. Jumatatu huyu anafua, Jumanne yule analeta maji, Jumatano mwingine anakaa na mgonjwa saa 3 ili mama aende sokoni au alale. Katika kikundi cha watu 20, kila mtu akitoa nusu siku kwa mwezi, hizo ni nusu siku 20 ambazo anayeuguza amepumzika.

Tatu, wanaume wawe katika zamu. Kumgeuza mtu mzima ni kazi ya nguvu. Mzee kuoshwa na mwanamume mwenzake ni heshima kwake. Hatuoni sababu ya wanaume kungoja mazishi ndiyo wabebe.

Nne, wasichana wabaki shule. Kikundi kiweke sheria: nyumba ikiwa na mgonjwa, mtoto haondolewi darasani kabla kikundi hakijakaa na kutafuta njia nyingine.

Tano, siri itunzwe. Mwenye zamu ataona dawa, kadi na kidonda. Hayo hayafiki mtoni wala sokoni. Mgonjwa akisikia habari zake njiani, atafunga mlango, na huo ndio mwisho wa huduma.

HABARI YA PESA

Kikundi chenye merigoraundi tayari kina mahali pa kuanzia. Tuseme watu 20 wanatoa shilingi 50 kila wiki kando ya merigoraundi. Hiyo ni shilingi 1,000 kwa wiki, na 52,000 kwa mwaka. Mfuko huo uwe wa kazi moja tu: kumfikisha mgonjwa wa dharura hospitali. Elewaneni mapema na mwenye bodaboda na mwenye gari kuhusu bei ya usiku, maana saa nane za usiku si wakati wa kubishania bei. Na mjue ni nani ana ufunguo wa pesa mweka hazina akisafiri.

Tena kila nyumba ijiandikishe katika bima ya afya ya jamii, SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Aliyesajiliwa hatakiwi kulipia huduma za msingi za dispensari na kituo cha afya kilichokubaliwa. Ili kupata huduma za hospitali kubwa, nyumba isiyo na mshahara hulipa kulingana na mapato, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Kikundi kinaweza kuwasaidia wanachama kuweka pesa hizo kidogo kidogo, kama tunavyoweka karo.

MHUDUMU WETU WA AFYA

Mhudumu wa afya ya jamii ana nyumba karibu 100 za kutembelea. Posho iliyopangwa ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti, na mahali pengine huchelewa. Si daktari wala nesi. Kazi yake ni kutembelea, kupima, kufundisha, na kutuma mgonjwa panapohitajika. Mkiona hajafika, msianze kwa kulaumu. Mwalikeni kwenye mkutano. Mwulizeni mkoba wake una nini na umekosa nini. Kama dawa zimekwisha au mashine imeharibika, kikundi kiandike barua kwa kamati ya afya na kwa ofisi ya kaunti, kitie sahihi, kiweke nakala. Sauti ya mhudumu mmoja hupotea. Sauti ya vikundi kumi inasikika.

Na kamati ya dispensari inapochaguliwa, msikae nyumbani. Pale ndipo inaamuliwa pesa za dispensari zitumike vipi. Mtu aliyewahi kuuguza ndiye anajua kinachokosekana. Mchagueni huyo.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, ni nyumba ngapi sasa hivi zina mgonjwa wa muda mrefu? Anayeuguza ni nani, na mara ya mwisho alipumzika lini?
2. Kati ya vitu vinne tulivyotaja (maarifa, dawa na vifaa, watu, na njia ya kurudi hospitali), ni kipi kinakosekana zaidi kwetu?
3. Usiku wa leo mama mjamzito akianza kutokwa na damu, tutampigia nani kwanza? Namba yake iko wapi? Pesa ziko kwa nani?
4. Je, kuna mtoto aliyeacha shule ili kuuguza? Tutafanya nini kabla ya mkutano ujao?

Tunashauri msimalize maswali yote siku moja. Anzeni na la kwanza. Andikeni majina ya wanaouguza, si ya wagonjwa peke yao, na kabla ya mkutano kufungwa mkubaliane ni nani anaenda nyumba gani, siku gani, kufanya kazi gani.